Samaki Wanaomjua

Juzi, katika agrovet, duka la pembejeo za kilimo na mifugo, mjini Homa Bay, msichana mwenye gambuti alikuwa akifunga gunia la chakula cha samaki simu yake ilipolia. Akaiweka kwenye kaunta, akawasha spika, akaendelea kufunga. Sote tukasikia.

"Chuo kimefungwa, mbona hurudi nyumbani Kehancha?" mama yake aliuliza kwa kile Kiswahili cha watu wa huko, mpakani mwa Tanzania.

"Mama, samaki hawana likizo. Nimebaki kulisha wale wa mabwawa ya chuo."

"Hata ng'ombe wetu hawana, lakini huku tuko wengi. Huko uko na nani?"

"Samaki wananijua. Nikigonga ndoo, wote wanakuja juu."

"Sijauliza samaki. Watu je?"

Msichana akatuangalia mmoja mmoja, sisi watatu tuliokuwa kwenye foleni.

"Watu wapo, Mama. Hata saa hii niko nao."

Tangu aingie tulikuwa tukipiga gumzo letu kwa Dholuo, lugha isiyo ya kwao, na kucheka. Mwenye duka alimhudumia kwa kumwonyesha gunia na bei kwa kidole tu.

Alipotoka, mzee mmoja kati yetu aliuliza, kwa Dholuo, kama kuna aliyemsalimia. Ghafla sote tukawa tunasoma bei za mbegu za sukuma wiki ukutani.