Bendera Mbili kwenye Ukuta wa Zahanati

Mtaani walimwita Brashi. Kwa miaka kumi na tisa aliandika vibao vya maduka, saluni na shule, na alijivunia jambo moja: herufi zake hazikuwahi kulala upande.

Siku shehena ya kwanza ya chanjo ya homa ya mapafu iliyokuwa ikienea ilipofika zahanati, mganga mfawidhi alimwita mbiombio. Balozi wa nchi iliyoitoa alikuwa njiani, na ukuta ulikuwa mtupu. Brashi akachora bendera ya wageni, upana wa mlango, na chini yake akaandika: ASANTENI MARAFIKI WA KWELI. Balozi akapigwa picha mbele yake rangi ikiwa mbichi.

Mkewe, fundi cherehani mwenye pumu tangu utotoni, alikuwa wa tatu kwenye foleni.

"Kama umewachora wewe, basi nawaamini," alimtania. Nesi akamwandikia kwenye kadi tarehe ya dozi ya pili, wiki nne mbele.

Wiki nne zikapita, dozi haikuja. Redioni walisema serikali ya hapa nchini ilipiga kura kinyume na wale marafiki katika mkutano wa mataifa, nao wakazuia ndege ya mizigo. Mkewe alikwenda zahanati na kadi yake mara tano, akirudi mikono mitupu.

"Wanatununia sisi kwa kura tusiyoipiga," alisema akivua viatu.

Wiki ya tisa akaanza kukohoa. Kifua kikambana, akalazwa hospitalini ambako oksijeni ilikuwa ya mgao. Siku ya sita, saa saba mchana, akakata roho. Nyumbani gauni la mteja lilikuwa bado kwenye cherehani.

Miezi miwili baadaye mganga mfawidhi akampigia simu Brashi.

"Pole tena na msiba, fundi. Sasa tumepata chanjo kutoka nchi nyingine. Ile bendera ifute, uweke ya hawa. Maneno yabaki yaleyale."

 Brashi akaenda, maana watoto alioachiwa lazima wale. Kupaka rangi nyeupe mara mbili hakukutosha; nyekundu ya bendera ya zamani iliendelea kuchungulia. Akapaka mara ya tatu.

Mama mkwe wake alikuja kuchanjwa, akamkuta juu ya ngazi. Aliitazama bendera mpya kwa muda.

"Hawa ni watu wema, baba?"

Siku nyingine angemjibu kwa mzaha. "Sijui, mama. Mimi nachora tu."

"Na dozi yao ya pili imeshafika, au nayo inasubiri kura?"

Brashi akamuuliza nesi dirishani. Nesi akainamisha macho. "Tumeletewa ya kwanza tu."

Mama mkwe akageuka, akashika njia ya kurudi. Kwenye benchi waliketi watu sita. Wanne wakainuka, wakaondoka.

Brashi alimalizia rangi ya pembeni, akaosha mikono kwa mafuta ya taa, akamfuata mama mkwe barabarani ili ampokee mkoba. Yeye mwenyewe naye hakuchanjwa.