Hatuli kwa Waombaji

Mimi ni mtu ambaye nikipanda bajaji hupitiliza kituo, kwa sababu kumwambia dereva "shusha" mbele ya abiria wengine kunanishinda. Nashuka mbele huko dereva anakosimama mwenyewe, narudi kwa miguu, na nyumbani nasema nilikuwa napunga upepo. Naanza na hilo ili mjue kilichotokea Ihanda hakikutoka kwa mtu mwenye mdomo.

Naishi na mama mdogo, Tunduma. Anafanya kazi kwenye mfuko mmoja wa hisani unaotoa ruzuku kwa vikundi. Ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukikaa dirishani unaona malori yamepanga foleni ya kuingia Zambia mpaka unachoka kutazama. Mtaani wanaamini mama mdogo anashinda anagawa hela. Majirani wakituona na gunia la mkaa wanacheka: "Kumbe na nyie mnapikia mkaa?" Mimi nimekaa pale ofisini likizo nyingi na ninachokijua ni kwamba kazi yao kubwa ni kusema hapana. Wanasema hapana kwa adabu, kwa simu, kwa barua, na wakati mwingine mama mdogo akishamaliza kuisema anakwenda kunawa uso.

Wana sheria moja wanayoishika kama amri ya kanisani: hatuli kwa waombaji. Ukienda kukagua kikundi kilichoomba ruzuku, huli chakula chao, hunywi togwa yao, hupokei hata ndizi. Kwa hiyo kila safari wanabeba chapati na maji. Kabla hawajafika kijijini, dereva anasimamisha gari penye mikaratusi, wanakula haraka haraka wakiangalia barabara kama watu walioiba, wanafuta midomo, halafu ndiyo wanakwenda kusalimia.

Likizo ya kidato cha tatu mama mdogo alinichukua kwenye safari ya Ihanda kwa sababu hakutaka nibaki peke yangu nyumbani. Tulikuwa wanne: yeye, dereva, mimi, na kaka mmoja wa uhakiki, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila kilichoandikwa kwenye maombi kipo kweli. Ni kaka mpole, shati lake halijawahi kuwa na kunyanzi. Tulipofika kwenye mikaratusi, mimi nilikuwa nimelala. Hakuna aliyeniamsha. Nilizinduka kijijini, tumboni hamna kitu.

Kikundi kilikuwa cha akina mama walioomba mashine ya kusaga. Mashine ya karibu iko mbali nao. Mahindi wanapeleka kichwani, au wanampa wa bodaboda na unga unarudi umepungua. Banda la mashine walishalijenga wenyewe, tofali walifyatua wao, bati wamepaua, na ndani palikuwa patupu, pamefagiwa. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alituingiza mle ndani akasema, "Hapa ndipo itakapokaa," akionyesha sakafu kana kwamba mashine tunaiona.

Kaka wa uhakiki alipima, akapiga picha, akauliza maswali. Yote yalikwenda vizuri. Halafu wakaleta chakula.

Ugali wa dona, kuku wa kienyeji, maharage, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Wakubwa walikuwa wamewekewa viti, mimi nilikuwa mkekani na akina bibi.

"Mama zangu, tunashukuru sana," kaka akasema, "ila utaratibu wetu hauruhusu."

"Utaratibu gani huo wa kukataa ugali?" mwenyekiti akauliza.

"Chakula kinaweza kuonekana kama ushawishi."

"Ushawishi ndiyo nini, baba? Rushwa?"

Kaka akaangalia viatu vyake. "Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Yaani mtu mzima wewe, unanunuliwa kwa paja la kuku!"

Wakacheka, lakini kicheko hakikuwa na utamu. Mmoja akasema kitu kwa Kinyiha wakacheka tena, na mimi Mnamwanga nilidaka nusu yake tu, na hiyo nusu siiandiki.

"Haya," mwenyekiti akaendelea, "na hicho kiti ulichokalia ni cha nani? Si changu? Simama basi, kisije kikakushawishi."

Kaka akasimama. Kweli kabisa, akasimama! Mama mdogo naye akasimama. Uso wake ulikuwa kama siku ile alipowaambia wenye ulemavu wa Mkwajuni kwamba ombi lao halikupita.

Sasa mimi. Wakati hayo yanaendelea, bibi mmoja mkekani alikuwa ameshanimiminia maji mikononi. Nilikuwa nimenawa. Mikono inadondosha maji, bibi ananiangalia, sahani iko mbele yangu. Mama mdogo akanikazia macho, macho yale ya "acha". Sheria nilikuwa naijua, nimeisikia mara nyingi kuliko sala. Nikamega tonge, nikachovya, nikala. Bibi akasema, "Ehee, mwanangu." Mama mdogo bado ananiangalia. Nikamega lingine.

Tukapanda gari kurudi Tunduma. Ndipo dereva akaniuliza kwenye kioo, "Kilikuwa kitamu?"

"Kitamu."

"Basi afadhali."

Kaka wa uhakiki aliandika kwenye ripoti kwamba ndugu wa afisa alipokea chakula cha mwombaji. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini ombi la mashine likasimamishwa, na mimi nikaitwa kwa mkurugenzi. Mimi, ninayeogopa kusema "shusha".

Mkurugenzi si mtu mbaya. Alinipa kiti, akanieleza sheria ile ilikotoka. Zamani maafisa walikuwa wanakula, akasema, na mwishowe vikundi vilivyokuwa vinapata ruzuku ni vile vyenye mbuzi wa kuchinja. Wajane wasio na mbuzi walikuwa wanarudishwa. Hilo liliniingia. Mpaka leo naliona ni la kweli.

Halafu akasema, "Sasa tusaidie tumalize. Walikulazimisha?"

Nikaelewa mtego, ingawa sidhani yeye aliuona kama mtego. Nikisema walinilazimisha, mama mdogo anasalimika na akina mama wanakosa mashine. Nikisema hawakunilazimisha, basi kosa ni la mama mdogo aliyenileta. Alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwangalia. Akasema, "Usiniangalie mimi. Sema kilichotokea, mengine nitajijua."

"Sikulazimishwa, shikamoo," nikasema, kwa sababu nikiogopa shikamoo zinanitoka ovyo. Kaka wa uhakiki, aliyekuwa amekaa pembeni na ripoti yake, akaficha tabasamu. Hilo ndilo lililonipandisha hasira, na hasira ikanisaidia.

"Nilikaribishwa," nikasema. "Mimi sina mashine ya kumpa mtu. Sina ruzuku. Yule bibi alijua mimi ni mtoto tu niliyekuja na gari, na bado akaninawisha. Sasa alikuwa ananinunua anipate nini?"

"Hakuna anayesema walikununua..."

"Imeandikwa. Na nikienda tena nitakula tena."

Chini dukani kuna mtu alikuwa anakata nondo. Mkurugenzi akavua miwani akaifuta muda mrefu. Nilisubiri kufukuzwa, nikakumbuka kwamba hawawezi kunifukuza, sijaajiriwa.

Uamuzi ulikuja jioni. Mama mdogo aliondolewa kwenye ombi lile na akapewa barua ya onyo. Kaka wa uhakiki aliambiwa arudi peke yake akalipime upya, bila huruma na bila hasira. Nyumbani mama mdogo alipika, akanipakulia, akasema, "Kula. Hiki hakina barua." Tukacheka mpaka yeye akalia kidogo.

Dereva ndiye aliyetusimulia safari ya pili. Akina mama hawakuleta chakula, wala maji, wala kiti. Vigoda vyote walikuwa wamevifungia. Kaka wa watu alikagua upya akiwa wima, vumbi limemjaa mpaka kwenye kola, na kila alipotafuta pa kuegemea mwenyekiti alimuuliza kama ukuta nao hauna ushawishi. Ila alipima kwa haki. Aliandika kwamba banda ni imara na kikundi ni cha kweli. Ombi likapita.

Siku mashine ilipowashwa, mimi na mama mdogo tulikwenda kwa nauli yetu, siku ya mapumziko yake, kama wageni tu. Unga wa kwanza ulipikwa ugali palepale. Bibi yule alininawisha tena. Mama mdogo alinawa pia, akala, na hakumwangalia mtu.

Gari la ofisi lilikuwepo, kaka wa uhakiki alikuja kukabidhi. Alipomaliza alikwenda kukaa garini, vioo juu, akafungua chapati zake.

Nikachukua sahani. Sikutumwa na mtu. Nikagonga kioo, akashusha kidogo.

"Mdogo wangu, unajua utaratibu."

"Naujua. Kikundi hakijanituma. Ni mimi ndiye ninayekukaribisha, na mimi sijaomba kitu kwenu."

Akaitazama sahani. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na yeye kusema hapana ndiyo kazi yake. Nikaiweka juu ya boneti mbele ya macho yake, nikarudi mkekani kwa akina bibi. Akitaka aandike.