Torkel Alivyolala Kifudifudi

Torkel Ekbom, fundi mabasi mstaafu, alikuwa na sifa moja tu, na majirani walishachoka nayo: majira arobaini ya baridi anateleza kwa viatu vya vyuma juu ya barafu ya ziwa Mälaren, Uswidi, hajazamisha hata kidole. "Barafu inaniogopa," anasema. Mkewe Gunvor anamjibu, "Inakungoja tu."

Jumapili hiyo ya mwisho wa Machi walitoka alfajiri. Barafu ngumu kama saruji, vyuma vya viatu vinaimba. Torkel mbele na fimbo yake ya chuma: anapiga mara moja, haitoboki, twende! Hadi saa tano wamekula kilomita thelathini, wakakaa kwenye mwamba wa kisiwani, kahawa mkononi, nyuso juani. Jua la kwanza lenye joto tangu Oktoba! Mswidi akilipata jua hilo, kumng'oa pale uje na winchi. Wakasinzia saa mbili nzima.

Hapo ndipo walipoharibu. Barafu ya masika jua linaitafuna ndani kwa ndani: unene upo, nguvu hakuna.

Wakati wa kurudi, zimebaki mita mia tatu kufika gatini, barafu ikageuka kijivu. Torkel akapiga fimbo. Ikazama mpaka kwenye mpini.

"Torkel."

"Nimeona."

"Turudi kisiwani?"

"Nyuma nako kumeshaoza."

"Basi lala chini, tutambae."

"Nitambae? Sixten na majirani wenzake wako gatini wanachoma soseji, wananitazama!"

"Watakutazama vizuri zaidi kwenye jeneza. Lala, mzee!"

Akasogea hatua mbili, kifua mbele. Barafu haikulia hata kidogo. Ilimwachia tu, kama mlango usio na komeo.

Maji yakamfika kidevuni. Pumzi ikakatika. Begi la nguo kavu mgongoni ndilo lililomfanya aelee. Akachomoa misumari yake miwili ya kujiokolea iliyoning'inia shingoni, akachoma ukingo, ukingo ukamegeka. Akachoma tena, ukamegeka.

Gunvor alishalala kifudifudi. Akarusha kamba ya kuokolea aliyoibeba. Ikapita pembeni. Akaivuta, vidole vimekufa ganzi, akarusha tena.

"Ishike! Usijivute, piga miguu kama chura!"

"Siwezi..."

"Miaka arobaini yote hiyo ulikuwa unaweza, leo ndo huwezi? Piga!"

Akapiga. Kifua kikapanda, ukingo ukalia, ukashika. Gunvor akarudi nyuma kwa tumbo, anavuta, anatukana, anavuta. Tumbo likatoka. Miguu ikafuata.

Zile mita zilizobaki walitambaa kama mamba wawili. Gatini hakuna aliyecheka, soseji ziliungua.

Sixten akawavuta juu. "Torkel," akauliza polepole, "umezama wewe?"

Meno ya Torkel yalikuwa yanagongana. Akamtazama mkewe, aliyechubuliwa mikono na kamba.

"Nimezama," akasema. "Mpeni yeye blanketi kwanza."