Mama Elina Hajakubali

"Ulimwona au hukumwona?"

Niliulizwa swali hilo mbele ya ukoo mzima, saa sita mchana, jua likiwa utosini, na mimi niliyebishana na wahadhiri miaka minne nikajibu swali jingine kabisa.

Sikuwa na homa siku hiyo, wala njaa. Nilikuwa nimekunywa chai na mahamri mawili. Nasema haya mapema kwa sababu rafiki zangu wa chuo hukimbilia jua kali na ukosefu wa maji mwilini, watu wa kanisa hukimbilia Roho Mtakatifu, na majirani zetu hapa Muyeye husema ni koma, mizimu ya wazee. Wote nimewasikiliza. Hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Mimi nilikuwepo, na nitakwambia nilichokiona. Ukikubali sawa, ukikataa pia sawa.

Nilikuwa nimemaliza digrii na kukaa nyumbani miezi minane nikigombana na mama juu ya kila kitu, kuanzia Mungu hadi namna ya kukuna nazi. Ndipo nikapata kazi ya ukalimani kwa wamishenari wawili, mume na mke, Mzee Lauri na Mama Elina. Walitoka Ulaya, kaskazini kabisa, kule ambako bahari hugeuka barafu. Wote walikuwa wamepita miaka sabini. Mume alikuwa amestaafu kazi ya kupeleka barua, mke alikuwa muuguzi. Wenzao wa umri huo hukaa na wajukuu. Hawa waliliomba kanisa lao liwatume, likawatuma kwenye makao fulani nje ya Marafa wanakoishi wazee waliofukuzwa makwao kwa kuitwa wachawi.

Mzee Lauri alitengeneza mapaa na mifereji. Mama Elina alikata kucha. Niamini, hiyo ndiyo iliyokuwa huduma yake: beseni la maji ya vuguvugu, taulo begani, anapiga magoti mbele ya mzee ambaye kwa miaka hajaguswa na mtu kwa hiari, anamwosha miguu, anamkata kucha, anampaka mafuta ya nazi. Mimi nilisimama kando nikifasiri na kuuliza maswali yangu. Nilimuuliza Mzee Lauri mbona Mungu wake aliwaacha wazee hawa wapigwe. Akasema hajui. Jibu hilo lilinikera, maana halikuniachia pa kubishia.

Walikuwa na desturi moja, hawa wawili. Hawakuamua jambo lolote mpaka wote wamekubali. Hata kununua ndoo. Wangeweza kukaa siku tatu bila ndoo.

Kati ya wazee wale alikuwepo Hawe Kadzo. Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, lugha ya mama yangu aliyezaliwa Kaloleni. Miguu yake ilikuwa haimbebi tena. Kutoka kitandani hadi mlangoni alijisukuma kwa kigoda. Ulimi wake haukuwa na ugonjwa wowote. Mimi aliniita msomi. "Wewe msomi, huko chuoni hawakukufundisha kusugua sufuria?" Siku moja aliniambia, "Muulize mama huyu, mume wake alipewa na wazazi au alimwokota njiani?"

Nikafasiri. Mama Elina akacheka mpaka akaacha kukata kucha. "Nilimwokota. Alikuwa akileta barua kila siku, na barua zenyewe zilikuwa za jirani."

Hawe Kadzo alifukuzwa na wana wa ndugu ya marehemu mumewe. Mtoto alikufa kwa homa pale nyumbani, wakasema amemla yeye. Shamba alilokuwa akililima sasa wanalilima wao. Umeelewa, sina haja ya kuongeza.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa mkubwa wao, Karisa. Wametubu. Wamemjengea nyumba mpya. Aletwe Jumapili. Mzee Lauri alilia machozi. Kwake yeye hiyo ndiyo sababu ya kuvuka dunia akiwa na magoti mabovu: mzee mmoja tu arudi kwao kwa amani. Hawe Kadzo alipoambiwa alisema, "Mtanipeleka nyinyi. Je, mtalala huko nyinyi?" Na Mama Elina alikataa. Jioni mbili nilisikia wakibishana kwa lugha yao. Sikuijua, lakini kulikuwa na neno moja fupi ambalo mke alilirudia, na neno hilo halihitaji mkalimani.

Alhamisi asubuhi Mzee Lauri alichukua funguo za gari akanichukua na mimi, twende tukaione hiyo nyumba. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitoka kabla mwenzake hajakubali. Mama Elina alisimama mlangoni na beseni lake, hakupunga mkono.

Ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Tulipokelewa vizuri mno. Viti, madafu, watoto wakileta shikamoo. "Mzee, sisi tulikosea," Karisa akasema. "Hawe ni mama yetu. Tusipomzika sisi atazikwa na nani?" Nikafasiri sentensi baada ya sentensi, zote nzuri, hata nikaona aibu kwa kuwashuku. Mzee Lauri akatoa kidaftari aandike saa ya Jumapili. Nikaomba choo. Mwanamke mmoja akanielekeza nyuma ya nyumba mpya.

Nyuma ya nyumba ile, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, Hawe Kadzo alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni. Mama Elina amepiga magoti mbele yake, taulo begani. Niliona povu la sabuni. Niliona plasta kwenye kidole gumba cha Mama Elina, alikojikata Jumanne.

"Hawe!" nikaita kwa sauti. Si kwa woga, woga ulikuja baadaye. Niliita kama unavyomwita mtu unayemkuta mahali usipomtarajia.

Mama Elina akageuza kichwa. Mwanamke huyu kwa mwaka mzima alikuwa ameshindwa kutamka "ng'ombe". Akaniambia kwa Kigiriama, tena Kigiriama cha bibi yangu wa Kaloleni, cha kuvuta maneno: "Mwambie Lauri sijakubali."

Nikasikia nyayo nyuma yangu, nikageuka. Nilipotazama tena palikuwa na kivuli na udongo tu. Niliinama nikaugusa kwa kiganja. Ulikuwa mkavu. Nani mwingine angeugusa? Lakini mimi ndivyo nilivyo.

Walikuwa Karisa na ndugu zake, na wengine nyuma yao.

"Umemwita nani, dada?" Karisa akauliza.

Nilijipangusa udongo kiganjani.

"Umesema Hawe, tumesikia. Ulimwona au hukumwona?"

"Mtazameni uso," ndugu yake akasema. "Msichana wa chuo ameona."

Karisa hakuogopa. Alifurahi. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Ndiyo yangu ingekuwa ushahidi: msomi, mtu wa wamishenari, ameona kwa macho yake mwanamke asiyeweza kutembea akitokea hapa mchana. Wasingengoja Jumapili, wangemfuata kule kule. Na nikisema hapana, Jumapili inabaki palepale.

"Mimi ni mkalimani," nikamwambia. "Nasema ya watu. Yangu hujayauliza kwa adabu."

Nikampita, nikaenda hadi kwa Mzee Lauri nikamwambia kwa Kiingereza, "Mama Elina hajakubali."

Alijua hayo si maneno ya Karisa. Aliirudisha kalamu mfukoni. Kisha akafunga kidaftari, akainuka, akampa kila mtu mkono, akawaambia kupitia kwangu kwamba kwao huamua watu wawili, na mmoja hayupo.

"Mzee mzima anangoja ruhusa ya mke?" Karisa akauliza.

Nilifasiri neno kwa neno.

"Ndiyo," Mzee Lauri akasema. "Kila siku."

Ndani ya gari aliniuliza swali moja tu: alikwambia lini? Nikasema leo. Akaendesha.

Tulipofika makaoni, Mama Elina na Hawe Kadzo walikuwa kibarazani, beseni kati yao. Wazee wengine walisema hawakuondoka hapo tangu asubuhi. Nilimsemesha Mama Elina Kigiriama cha haraka, kumpima. Akatabasamu lile tabasamu lake la kutoelewa, akasema, "Pole pole." Nilianza kupumua. Ndipo Hawe Kadzo akanitazama.

"Msomi," akasema, "ukimkuta mtu anaoshwa miguu, unapiga kelele?"

Sikuwa nimemwambia mtu.

Jumapili ile haikufika, Hawe hakupelekwa. Wamishenari walimaliza muda wao wakarudi kwao, na Hawe Kadzo alifariki akiwa usingizini kwenye kitanda chake pale makaoni. Mimi sikuokoka, na kwa mganga sikwenda. Bado nauliza kila kitu, ila sizunguki nyuma ya nyumba ya mtu mchana bila kukohoa kwanza.

Sasa nisikilize wewe. Usithubutu kukichukua kisa hiki ukamnyooshee kidole bibi yeyote mwenye mvi. Najua watakaosema, si unaona, hata msomi alishuhudia. Nilishuhudia wanawake wawili wakioshana miguu, na wanaume wenye miguu mizima wakitafuta sababu. Ukikitumia vibaya, nitasimama mbele ya chifu, mbele ya kanisa, popote utakaponiita, niape kwamba nilikitunga chote.

Mwaka jana fundi seremala alikuja kututengenezea kabati hapa Muyeye. Katika mazungumzo akasema aliwahi kufanya kazi pande za Marafa, akalitaja boma la Karisa bila mimi kuuliza. Walimwagiza mlango wa nyumba mpya, uwe tayari Jumamosi. Anaukumbuka kwa sababu walitaka makomeo matatu, yote ya nje, na upande wa ndani wakamwambia asitie kitu.