Kamba ya baba wa bwana harusi

Saa moja asubuhi, Odina Gulov yuko kando ya mfereji wa maji, kofia ngumu kichwani, na bado hajawasha msumeno wake wa mnyororo. Anaokota mawe na kuyatupa mbali. Anafyeka vichaka, anatembea kinyumenyume mpaka ukutani, kisha anarudia tena.

"Njia yangu ya kukimbilia hiyo," anasema. "Mti ukianza kwenda, sitaki kutafuta pa kukanyaga."

Majirani wanaokunywa chai wanacheka. Mmoja anamuuliza kama ameitwa kukata au kufagia.

Mti wenyewe ni mpopla, mti mrefu ulionyooka kama mlingoti, mmoja wa ile aliyoipanda Mzee Nazri mwaka aliozaliwa mwanawe Bahrom. Katika bonde hili la Zarafshon kila baba hupanda hivyo, na kijana akikaribia kuoa, miti inakuwa boriti za chumba chake. Bahrom anaoa kabla theluji haijafunga barabara.

Odina, mwenye miaka arobaini na mitatu, alijifunza kazi hii kwenye misitu ya Urusi, alikokwenda kutafuta riziki kama wanaume wengi wa hapa. Alirudi na suruali nene yenye nyuzi ndani, zinazounasa mnyororo ukigusa paja. Mkewe huiita godoro.

Kovu la kidevuni alilipata siku alipokata tawi kwa ncha ya msumeno, nao ukaruka kumrudia. "Tangu siku hiyo nashika kwa mikono miwili, na sikati kitu kilicho juu ya bega langu."

Kamba imeshafungwa juu ya mti ili uangukie shambani, usiende kwenye nyumba. Ndipo Odina anapoona kwamba Mzee Nazri ameuzungushia mwisho wa kamba kiunoni mwake na kupiga fundo.

"Fungua, Mzee."

"Baba yangu alijifunga hivi nilipooa mimi."

"Ule ulikuwa mti wa shoka. Ulilalamika nusu siku kabla ya kuanguka. Huu ukiamua kwenda, hauagi."

Mzee Nazri ndiye anayegawa zamu za maji kijijini. Akimkataa fundi, wenye bustani wote humkataa, na kazi ya kupogoa miti ya aprikoti ndiyo inayoilisha nyumba ya Odina majira yote ya baridi. Mzee anasema atamwita fundi wa kijiji cha chini, anayekata akiwa juu ya ngazi bila maneno mengi.

"Mwite," anajibu Odina. "Mimi ukiwa umejifunga siwashi." Anauweka msumeno chini na kujimiminia chai.

Mama Safarmoh, mke wa mzee, anaita kutoka mlango wa jikoni.

"Nazri, mchele nilionunua ni wa pilau ya harusi. Usinigeuzie uwe wa matanga."

Majirani wanacheka tena, safari hii hawamcheki Odina. Mzee anafungua fundo taratibu, kama mtu anayevua koti kwa sababu ya joto tu. Odina anaizungusha kamba kwenye shina la mti mwingine shambani, ili mzee avutie kando, mbali na njia ya mti, na anamwomba aishike kwa mikono tu.

Kisha anapiga goti, anaukanyaga mpini wa msumeno chini na kuuwasha. Anakata kabari upande wa shamba, halafu nyuma, akibakiza ukanda mwembamba wa mti uwe bawaba. Anapiga kelele ya kuonya na kurudi kwa njia yake.

Mpopla unainama. Kilele kinagusa mti wa jirani, kinajipinda na kwenda pembeni. Kamba inachomoka mikononi mwa mzee na kupita juu ya mabua kama nyoka aliyekanyagwa. Vumbi linapotulia, mzee anajitazama viganja, kisha anajigusa kiuno.

Mzee anamkatia Odina mkate kwa mikono yake na kumuuliza lini ataanza kupogoa bustani yake ya juu.

Odina ana mtoto mmoja, Mehrangez, wa darasa la nne. Amempandia mipopla, ingawa hapa hupandiwa wavulana. Binti ameshasema ataikata mwenyewe.

"Sharti langu ni avae godoro," anasema Odina. "Nami nitashika kamba. Mkononi."