Namba ya Mzee Zéphyrin

Kila asubuhi, kabla ya chai, mzee Zéphyrin aligawanya namba kwa kalamu. Huko Bukavu alifundisha hesabu; hapa Kampala aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni Nakasero. Namba ya faili lake la ukimbizi ilikuwa 618517, na alikuwa ameijaribu kwa vigawo vyote.

“Waliniondolea jina wakanipa namba,” alijigamba, “lakini ni namba tasa. Haigawanyiki!”

Alipolazwa hospitali ya Nsambya, bintiye Blandine aliijaribu kwenye simu ili amfurahishe. Jibu likaja papo hapo: 613 mara 1009. Akafungua daftari la hesabu za baba. Penye 613 baba alikuwa ameandika baki kwa haraka; tarehe ilikuwa ya siku waliyomzika mama.

“Papa, hapa ulikosea.”

Mzee alilitazama daftari, akalifunga taratibu.

“Ungeniachia hata hiyo, mwanangu.”