Dakika Ishirini za Muganga Kabagwira

Kabagwira ana mdomo, hilo halina ubishi. Ni nesi wa kliniki ya wajawazito katika kituo kimoja cha afya upande wa Kibagabaga, na hapa kila avaaye koti jeupe huitwa muganga, apende asipende. Alikulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chake hakimwogopi mtu. Lakini ukiwauliza wanawake wanaomjua, watakutajia kwanza kiti chake. Akishakutoboa kidole, hukivuta kile kiti mpaka mlangoni, akakaa hapo akipiga soga, na wewe usahau kutoka.

Ana sababu zake. Alipoanza kazi, damu ya kupima kaswende ilipelekwa maabara ya mbali, na mama akaambiwa arudi Alhamisi. Mama mmoja, Umulisa, hakurudi. Labda ni nauli, labda mvua, nani ajuaye. Alikuja kuonekana siku ya uchungu wa kuzaa, akajifungua mtoto kamili, mwenye nywele tele, ambaye hakulia. Majibu yake yalikuwa yamelala mezani kwa Kabagwira wiki sita: ana kaswende, ugonjwa ambao sindano ingeumaliza. Siku vilipoletwa vipimo vya haraka, tone moja la damu na jibu baada ya dakika ishirini, Kabagwira alilia mbele ya mkufunzi aliyekuja kuwaonyesha namna ya kuvitumia, wala hakuona haya.

Basi asubuhi moja akaja Aidah, mimba ya miezi mitano. Alikuja na mumewe Shafiq, fundi cherehani wa Remera, maana siku ya kwanza ya kliniki mume na mke hupimwa wote. Ila Shafiq aling'ang'ania benchi la nje.

"Mke wangu akipimwa, na mimi si nimepimwa?" alisema. "Damu yetu iko moja."

Kabagwira alimtazama tu, akaanza na mke.

Aidah alikuwa amezika watoto wawili, wote waliozaliwa kimya. Mimba zile alizificha kwa kuogopa macho ya watu, kliniki hakufika, na mawifi walishaanza kunong'ona. Dakika ishirini zilipotimia, kipimo kilionyesha mistari miwili.

"Ni kaswende, mdogo wangu," Kabagwira alisema taratibu, maana mdomo ule unajua pia kushuka. "Inatibika. Sindano ya kwanza leo, nyingine mbili wiki zijazo, na dawa inamfikia mtoto humo humo tumboni."

Aidah akachukua mkoba wake. "Wacha niende nyumbani kwanza, nifikirie namna ya kumwambia bwana wangu. Nitarudi Alhamisi."

Alhamisi, kati ya siku zote. Kiti cha Kabagwira hakikusogea mlangoni.

"Unaogopa nini?"

"Ataniuliza nimeitoa wapi."

"Hiki kipimo hakijui majina ya watu, kinajua damu tu. Siwezi kumwambia mumeo bila ridhaa yako. Lakini asipotibiwa, anaweza kukuambukiza tena, na mtoto huyu naye tukampoteza. Nimwite?"

Aidah akaurudisha mkoba chini.

"Mwite," alisema.

Shafiq aliingia, akaambiwa. "Mtibu yeye," alijibu. "Mimi mzima kabisa."

"Basi kidole chako kituambie hivyo."

Kiti kikarudi mlangoni, dakika ishirini nyingine. Mistari ikatokea miwili.

Shafiq alikikodolea macho kile kipimo. Kisha, bila kuulizwa, akasema kwamba zamani, kabla ya ndoa, alipokuwa akifuata vitambaa Kampala, aliwahi kupata kidonda sehemu za siri. Hakikumuuma, kikapona chenyewe, akasahau.

"Kwa hiyo wale wawili," alisema, "ni mimi."

Akalia, mwanamume mzima. Aidah, ambaye miaka yote alidhani tumbo lake lina laana, alimshika bega.

"Hukujua," Kabagwira alimwambia. "Leo unajua. Simama."

Akawauliza kama penisilini iliwahi kuwadhuru, wakasema hapana. Shafiq akakunja mkono wa shati.

"Siyo hapo, baba. Geuka."

Aidah akacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Wiki mbili zilizofuata walirudi wote wawili, siku ile ile waliyopangiwa.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja Shafiq akatokea kliniki, macho mekundu, shati amelivaa nje ndani.

"Muganga, mtoto analia mno. Tangu juzi hanyamazi, hata majirani wamechoka. Hakuna dawa?"

Kabagwira, kitini pake mlangoni, alimuuliza kama mtoto ananyonya, kama ana homa, kama kitovu ni kikavu, na kule hospitali alikozaliwa walisema nini. Shafiq akajibu kwamba ananyonya vizuri, hana homa, kitovu kikavu, na daktari alishampima akasema yuko salama.

"Dawa ya hiyo sina," alisema. "Na hata ningekuwa nayo nisingekupa. Rudi nyumbani ukamsikilize."